Saa Sita za Tofauti

Meknes, Jumapili, 14 Januari 2024

Mpwa wangu Anouar,

Kosa wanalofanya watu wengi, na miongoni mwao wamo waliofika chuo kikuu, ni kuchukua saa ya kufika, wakatoa saa ya kuondoka, kisha wakajiona wameujua urefu wa safari. Jana mama yako alinisikilizisha ujumbe wako wa sauti. Unasema huwezi kuja Meknes kwa sababu ni "saa kumi na tatu hewani, Mama, na mgongo wangu hauwezi." Saa kumi na tatu! Nimefundisha jiografia katika mji huu miaka thelathini na mitano. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyelala kila kipindi huku mate yakiidondokea ramani ya Afrika, na hata huyo asingeniletea jibu kama hilo.

Nitakueleza taratibu. Ndege inaondoka Montreal saa mbili usiku. Inatua Casablanca saa tatu kasorobo asubuhi. Ukihesabu kwa vidole unapata karibu saa kumi na tatu, na hapo ndipo vidole vyako viliposimama. Lakini saa iliyokuaga ni ya Montreal na iliyokupokea ni ya Morocco. Majira haya ya baridi sisi tuko mbele yenu kwa saa sita. Zitoe. Zinabaki saa sita na dakika arobaini na tano. Hizo ndizo unazokaa hewani, tena umefunikwa blanketi na kuletewa chakula kama mgonjwa.

Umbali nao usinitajie kabla hujaujua. Watu hutandaza ramani mezani, wakaweka rula, wakaamini bahari ni bapa kama meza. Nimechukua tufe langu la darasani nikavuta uzi kutoka Casablanca hadi Montreal. Uzi haukupita inapopita rula. Ulipinda kuelekea kaskazini, ukaikata bahari kwa juu, kwa sababu dunia ni mviringo na njia fupi juu ya mviringo huonekana imepinda. Ni kilomita elfu tano na mia sita na sabini hivi. Kwenda huko ni karibu saa nane, kuja huku hazifiki saba, maana juu kule kuna upepo mkali utokao magharibi unaoisukuma ndege. Kwa hiyo hata upepo uko upande wa mama yako.

Sasa linganisha. Mwanamke anayeuza nanaa mtaani kwetu hupanda basi kila mwezi kwenda Errachidia kumwona mama yake. Ni saa sita na nusu za kona za milimani, dirisha halifungi, na kiti cha mbele hakikosi mtoto anayetapika. Sijamsikia akitaja mgongo. Wewe, mheshimiwa wa Canada, unaishi umbali wa Errachidia. Usijitukuze.

Kwa nini nasumbuka kukufundisha mtu mzima wa miaka arobaini na moja? Kwa sababu daktari wa macho amesema presha ya macho ya mama yako imeshaula mshipa wa kuonea, na mshipa ulioliwa haurudi. Dada yangu Batoul anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Labda litafika kiangazi, labda halifiki. Haombi dawa, haombi zawadi. Anataka uso wako upite mbele ya tundu hilo kabla halijaziba. Una miaka sita hujampitishia. Kwenye kioo cha simu, anasema, wewe ni doa linaloongea.

Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu. Nijibu kwa tarehe, si kwa mgongo.

Mjomba wako,
Thami Lahrichi

*

Montreal, 22 Januari 2024

Mjomba Thami,

Asante kwa somo. Samahani, nilisahau kuja na daftari.

Wewe hujapanda ndege hata siku moja. Dunia umeizunguka kwa uzi, umekaa sebuleni na slipa miguuni. Umehesabu saa za hewani, ukasahau kuwa mtu hafunguliwi mlango wa ndege akiwa kitandani kwake. Kuna theluji hadi magotini. Kuna basi la kwenda uwanjani ambalo likikwama limekwama. Kuna foleni ya masanduku, foleni ya kuvua viatu, foleni ya kuvivaa. Halafu Casablanca kuna foleni nyingine, halafu treni, halafu teksi ya Meknes ambayo dereva wake anataka nimwambie Canada ikoje. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa Mama ni siku nzima na nusu. Hilo tufe lako halina milango.

Kazini nako hawanipi ruhusa sasa. Nitakuja mambo yakitulia.

Kuhusu macho, daktari huyo anapenda kutisha watu. Mtafute mwingine. Na tafadhali usimsomee Mama barua zangu kwa ile sauti yako ya mkaguzi wa shule. Mbusu kichwa kwa niaba yangu.

Anouar

*

Meknes, Jumatatu, 29 Januari 2024

Anouar,

Ni kweli sijapanda ndege. Mwezini pia sijafika, lakini najua hauko nyuma ya mlima Zerhoun.

Siku nzima na nusu, unasema. Nimeketi nikaipima hiyo safari yako ya milango. Nimekupa saa nzima ya theluji. Nimekupa saa tatu za foleni, nikakuongezea nusu saa ya kufunga kamba za viatu, maana nakujua tangu utotoni. Nimekuweka hewani, nikakushusha, nikakupa saa moja ya kungoja sanduku na tatu na ushei za treni. Hata dereva wa teksi nimemwachia nafasi ya kuuliza habari za Canada. Hazifiki saa kumi na saba. Nusu iliyobaki ya safari yako umeitoa mfukoni. Nilisahihisha maelfu ya madaftari na naijua rangi ya jibu lililotungwa. Mtoto asiyejua huandika kidogo na kufuta. Anayedanganya huandika vizuri na kupamba.

"Mambo yakitulia." Mambo ya nani yaliwahi kutulia? Marehemu baba yako alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu bomba la jikoni, na hadi leo linavuja.

Daktari mwingine tumekwenda. Ametumia mashine mpya zaidi na maneno marefu zaidi, jibu ni lile lile.

Acha nikupe habari za mtaa, huenda zikakutia hamu. Mtoto wa Bousselham amerudi kutoka Ubelgiji. Amerudi jumla, kama barua iliyokosa mwenyewe. Anakaa kwenye mkahawa wa kona tangu asubuhi na koti lake la Ulaya, jua likiwaka analo, na watu wanamwita Balozi. "Balozi, habari za Brussels?" "Balozi, umetupitishia viza?" Juzi mimi mwenyewe nilimwuliza mbele ya wote: "Mwanangu, kuna kitu ulisahau ndio umekuja kukichukua?" Walicheka hadi mwenye mkahawa akamwaga chai. Nakueleza haya ujue kuwa wewe bado una heshima hapa. Watu huniuliza, "Wetu wa Canada hajambo?" Itumie heshima hiyo kabla haijachacha.

Nangoja tarehe.

Thami

*

Montreal, 18 Februari 2024

Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa.

Nimesoma habari za mtoto wa Bousselham. Nimezisoma zaidi ya mara moja. Nawe ulicheka?

Hesabu zako ni sahihi, sibishani tena. Sitakuja kabla ya Ramadhani, wala ndani yake. Baada ya Idi tutaona. Nitampigia Mama kila siku akifuturu, ili asile akiwa na wewe peke yako, ukimweleza historia ya kila punje ya dengu iliyomo kwenye supu ya harira.

Jambo moja nami nikufundishe, kwa kuwa zamu yangu haijawahi kufika. Mtu aliyeishi mtaa mmoja maisha yake yote hajui kuondoka ni nini, sembuse kurudi. Haya hayamo kwenye tufe.

Huku ni baridi sana.

Anouar

*

Meknes, Jumatano, 13 Machi 2024

Anouar,

Yanayofuata ni maneno ya mama yako. Ameniapisha niandike kila neno atakalosema, kwa sababu anadai barua zilizotangulia nilizitia pilipili. Basi naandika kila neno, na yangu nayaweka kwenye mabano.

Mwanangu Anouar, kipande cha ini langu, amani iwe juu yako. Jana siku ya kwanza ya mfungo ulinipigia king'ora cha futari kikiwa ndiyo kwanza kinalia, nami nina tende mkononi. Umenifurahisha. Harira ilizidi chumvi, mjomba wako aliingia jikoni kutoa mafunzo.

(Haikuzidi chumvi.)

Andika, Thami, usijibu.

Mwanangu, nilikuonea huruma. Uliposema wenzako wa kazini ndiyo kwanza wanatoka kwenda kula chakula cha mchana, harufu ya kuku inakupanda puani, na wewe hata adhuhuri hujaisali kwa kuwa bado haijaingia, nikasema moyoni, maskini mwanangu, mimi nimeshafungua na yeye ndiyo kwanza siku inaanza kumbana.

(Nimemwuliza: Alikwambia huko ni saa ngapi? Anasema: Saa sita unusu mchana. Nimemwuliza: Una hakika? Anasema: Thami, macho ndiyo mabovu, masikio bado ni yangu. Alisema saa sita unusu. Si wewe uliyetuimbia mwezi mzima kuwa ni saa sita za tofauti? Hapa ilikuwa saa kumi na mbili unusu, ukitoa sita si sita hiyo?)

(Ni sita.)

Mwanangu, mjomba wako ameacha kuandika, anautazama ukuta. Sijui kapatwa na nini. Labda ni njaa. Thami! Andika.

Sikiliza, mwanangu. Usije kwa sababu ya kelele za mjomba wako. Yeye ukimpa maumivu ya jino atakupimia umbali kutoka jino hadi sikio. Hakuniuliza kabla ya kukuandikia ile barua ya kwanza. Ningemkataza. Mtu hawi na shauku kwa kukokotolewa.

(Nimeandika kila neno, kama nilivyoapishwa.)

Uso wako wa zamani ninao. Nilikuona vizuri ulipokuwa na miaka mitatu, ulipokuwa na kumi, na siku ile unaondoka ulikuwa umejikata ukinyoa, hapa chini ya kidevu. Huo wote umo, hauhitaji macho. Ila huu wa sasa sina. Ningependa kujua kama mvi zimekuanza kama zilivyomwanza baba yako, pembeni mwa masikio. Si lazima. Ningependa tu.

Wiki hii nimemimina chai nje ya glasi mara mbili. Mjomba wako anafuta meza kimyakimya na kujifanya hakuona. Ni mtu mzuri asipokuwa anaeleza.

Kula vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako, Batoul

Sasa amekwenda kusali, na haya ni yangu. Yeye hayajui.

Anouar, siku tatu zilizopita, Jumapili, nchi yetu iliiacha saa mpya ikarudi kwenye saa ya zamani, kama inavyofanya kila mwaka Ramadhani ikikaribia. Tulirudi nyuma saa moja. Jumapili hiyo hiyo, kwa sababu zao wenyewe, watu wa Montreal walisogeza saa zao mbele kwa saa moja. Sisi nyuma, wao mbele. Zile saa sita ambazo mimi mwenyewe nilikukaririsha zimekuwa nne. Jana king'ora cha Meknes kilipolia, Montreal ilikuwa saa nane unusu mchana. Hakuna ofisi inayokwenda kula mchana saa hiyo, na adhuhuri ilikuwa imeingia zamani.

Mtu anaweza kukosea saa ya nchi ya watu. Saa ya mahali alipo haikosei, kwa sababu haitafuti kwa hesabu. Huinua kichwa akaisoma. Anayetoa sita ni yule mwenye saa ya Morocco mbele ya macho, aliyezoea kuzitoa kila anapopiga simu, hata akasahau kuuliza kama bado ni sita.

Mimi simwambii mtu kitu nisichokuwa na hakika nacho. Nakuuliza tu. Uko wapi?

Thami

*

Casablanca, Ijumaa, 15 Machi 2024

Hongera, Mwalimu. Alama zote.

Niko Casablanca. Nina chumba karibu na soko, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Nipo tangu Oktoba. Kampuni iliyonipa kibali cha kazi ilifungwa, nikatafuta nyingine, kibali kikaisha kabla sijapata. Hakuna aliyenifukuza, hakuna polisi, usije ukanitungia kisa. Karatasi iliisha muda nikaondoka. Nilirudi kwa ndege ile ile uliyoipigia hesabu. Ni kweli, saa sita na dakika arobaini na tano. Hapo ulipatia.

Nilifika stesheni na masanduku mawili. Treni ya Meknes ilikuwa imesimama, milango wazi. Nikawa nafikiri nitasema nini pale kona, watu wakinisaidia kushusha mizigo na kuniuliza narudi lini. Milango ikafungwa nikiwa bado natunga sentensi.

Sasa nafanya kazi kwenye kituo cha simu. Wanatupa majina ya Kifaransa. Mimi ni Julien. Siku nzima nawaambia Wafaransa wenye mashine za kufulia zilizoharibika kuwa niko Lyon na hata huku kwetu mvua inanyesha. Nikaona, kama nalipwa kwa uongo wa Lyon, huu wa Montreal si kitu nikiutoa bure.

Unajua nilikuwa nije? Mwisho wa Januari. Nilikuwa nimeshafunga mkoba. Ndipo ikaingia barua yako ya yule Balozi. Umemwuliza mbele ya watu kama alisahau kitu. Mzee wa miaka sabini na sita, mwenye shahada, umemfanya mtu aliyevunjika kuwa kichekesho cha chai. Niliufungua mkoba nikarudisha nguo kabatini. Wewe hukunidharau mimi, nalijua hilo. Ulikuwa unanisifu. Nilipaswa kuishi ndani ya sifa hizo, na zimenibana.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba. Nisaidie nirudi vizuri. Mwambie Mama nimepata tiketi ya baada ya Idi. Chagua wewe siku ya ndege, unazijua zote. Nitakwenda uwanja wa Casablanca asubuhi hiyo, nisimame pale wanapotokea abiria, nawe umlete Mama na jirani mmoja wawili waone. Vile vibandiko vya masanduku bado ninavyo. Nitakaa Meknes wiki mbili kama mgeni, nitaaga, nitarudi huku. Baadaye, taratibu, nitasema nimechoka na Canada. Mtu anayesema amechoka si sawa na aliyeishiwa.

Wiki nne tu, Mjomba. Unajua kufundisha. Jifunze mara moja tu kunyamaza.

Anouar

*

Meknes, Jumamosi, 16 Machi 2024

Anouar,

Nimeusoma mpango wako kama nilivyokuwa nikisoma mitihani, kalamu nyekundu mkononi, na nasikitika kukuarifu kuwa hata kudanganya hujui. Kibandiko cha sanduku huandikwa tarehe. Chako kina Oktoba. Unataka jirani avae kanzu yake ya Idi, asafiri hadi uwanjani, aje asome Oktoba? Tena abiria atokaye usiku mzima hewani huwa na shati lililokunjamana na macho mekundu. Wewe utatokea kwenye teksi umechana nywele. Mtu mwenye akili ndogo afanye mambo makubwa kama kusema kweli. Uongo mdogo mdogo awaachie wenye kumbukumbu nzuri.

Lakini hayo ni makosa ya tahajia. Kosa lenyewe ni kwamba wiki nne umezihesabu kwenye kalenda yako. Alhamisi tulikuwa kwa daktari. Alizima taa ya chumba, akamfunika jicho la kushoto, akawasha taa ndogo mbele ya la kulia. Akamwuliza, "Bi Batoul, unaona nini?" Mama yako akangoja kwa adabu, kisha akasema, "Ukishawasha utaniambia." Taa ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimesimama pale na ilikuwa inaniumiza macho mimi.

Limebaki la kushoto. La kushoto nalo daktari hakutaja miezi tena. Nilimwuliza, na ananijua kuwa ni mtu wa hesabu, akasema, "Ustadhi, hili usilipigie hesabu." Na wewe unataka nimwambie huyo mwanamke angoje ndege ambayo haipo, itue siku niliyoichagua mimi, ili watu wa mkahawa waridhike.

Basi tuseme habari za mkahawa. Una viti kumi na moja. Hakuna hata kimoja kilichokuzaa. Kimoja nakikalia mimi, na nilichomwambia mtoto wa Bousselham nilikisema nikiwa juu yake. Umekitaja vizuri kuliko nilivyotaka kitajwe. Jana baada ya Ijumaa nilimkuta kwenye baraza la msikiti nikaketi karibu naye. Nilimwuliza alikuwa akifanya nini Ubelgiji. Alikuwa akitengeneza vifaa vya kusikilizia vya wasiosikia. Karibu miezi miwili amekaa na sisi na hakuna aliyewahi kumwuliza. Hilo lijue, na usiniandikie tena kulihusu.

Watakucheka? Watakucheka. Watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ni kutoka kitandani hadi kwenye dirisha la mkate watakwita Balozi wa Canada. Waache. Saba kati yao niliwafundisha, na alama zao bado ninazo kichwani. Wa kwanza atakayefungua mdomo nitaanza na yeye, mbele ya mwenye mkahawa, nikitaja mwaka na somo.

Unaniambia nijifunze kunyamaza. Nimenyamaza. Mama yako hajui uko wapi. Si kwamba nimekusitiri. Habari hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ana miguu. Leo asubuhi aliniuliza kama nimekutumia barua yake. Nikasema ndiyo. Akasema, "Imefika?" Nikasema imefika. Akasema, "Kumbe ni haraka hivyo, na kote huko mbali." Nikaenda jikoni kuangalia bomba.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako nimeipima. Haina bahari, haina upepo wa juu, haina saa ya kuongeza wala ya kutoa, kwa sababu saa ya Casablanca ndiyo saa ya Meknes. Ni saa tatu na ushei za treni, kupita Rabat, umekaa. Sentensi uliyokuwa unaitunga pale stesheni huihitaji. Atakugusa kwanza mashavu, kisha atatafuta pembeni mwa masikio, na hapo hakuna anayesubiri hotuba.

Usilete zawadi. Usilete masanduku. Ukikuta mtu kona, mwamkie upite. Mwanga mzuri katika nyumba hii ni wa alasiri, unaingia kwa dirisha la jikoni na haukai sana.

Panda treni ya saa saba mchana leo, na ukifika, kaa kushoto kwa mama yako.

Mjomba wako,
Thami